Asubuhi Modeli Ilipoamka Baridi

Enzi ofisi ya utabiri wa mito ilipokuwa bado ofisi ya watu, hakuna aliyekalia kiti chake kabla hajapita darajani kuitazama nguzo. Nguzo yenyewe ipo hadi leo, imesimikwa majini, ina mistari myeusi na myeupe ya kupimia kina. Ukiingia kazini uliulizwa, "Mto umeamkaje?" kama mtu anavyoulizwa habari za nyumbani kwake, na asiyejua alirudishwa darajani bila hata kuvua koti. Kisha vikaja vihisi na skrini. Wasoma vipimo wakashukuriwa kwa kikombe cha chai, wakaenda zao. Siku hizi utamkuta mtaalamu wa mito ambaye viatu vyake havijawahi kuona tope.

Aliyebaki na desturi ile alikuwa mmoja tu, mwanamke mwembamba wa hatua ndefu, mtabiri wa ofisi hiyo. Mji mzima ulimwita Mama Gharika.

Jina hilo halikuwa la heshima. Mwaka uliotangulia alitangaza mafuriko, watu wa mtaa wa mbao kule bondeni wakahamisha kila kitu hadi vitanda, na mto ukabaki umejilalia kama mgonjwa. Walimcheka hadi sokoni. Mjomba wake mwenyewe, muuza mbao mwenye sauti ya tarumbeta, ndiye aliyeongoza kwaya. Akimwona kwa mbali tu, atapaza sauti: "Jamani, pandisheni suruali, Mama Gharika huyo!"

Mtabiri mwenyewe alijua alikosea wapi, na kujua huko kulimuuma kuliko kicheko. Modeli ya mto, ile programu ya kompyuta inayokadiria maji yatafika wapi, haianzi hesabu zake hewani. Kila inapomaliza kazi huhifadhi faili la hali ya kuanzia: udongo wa milimani umelowa kiasi gani, mabwawa yamejaa kiasi gani, mto umefika wapi. Kesho yake inaendelea pale pale, kama jiko lililoachwa na makaa. Pale ofisini hali hiyo huitwa kuamka moto. Mwaka ule faili la karibuni liliharibika, akaweka la zamani, la katikati ya mvua kubwa, bila kuitembeza modeli siku zote zilizokuwa zimepita tangu hapo. Ikaamka ikidhani milima bado imelowa chepechepe, kumbe ardhi imekauka hadi inapasuka. Manyunyu kidogo, ikapiga yowe.

Sasa asubuhi moja ya mvua zisizokatika alipita darajani kama kawaida yake. Maji yalikuwa yamefika kifuani mwa nguzo. Ofisini alimkuta mkuu wa kitengo, mtu mpole mpenda tai, ana uso wa sikukuu.

"Leo tumepona, dada. Mvua nzito inakuja milimani mchana, lakini modeli inasema mto utapanda kidogo tu."

Mtabiri akainama mbele ya skrini. Hakuangalia mstari wa kina cha mto unakoishia, aliangalia unakoanzia.

"Mkuu, mto huu wa humu ndani mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Mimi natoka darajani. Maji yako kifuani."

"Kihisi cha mtoni hakijasema kitu."

"Kitasemaje? Kimeziba matope tangu juzi."

Akafungua mahali mafaili ya hali yanapokaa. Patupu. Umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, mashine ya zamani iliungua, na mafundi wakaleta mpya. Walihamisha kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya jana. Na modeli ilipokosa faili haikulalamika wala kuuliza. Iliamka baridi, ikajitungia milima mikavu kama biskuti, tayari kunywa mvua yoyote itakayokuja.

"Basi tuiache inywe mvua za wiki kadhaa, itapata joto," alisema mkuu.

"Mvua inakuja mchana, mkuu. Si wiki kadhaa."

Mkuu akashusha sauti. "Na ukikosea tena?"

Akikosea tena, hakuna mtu wa bondeni atakayenyanyua hata ndoo kwa neno la ofisi ile, mwaka huu wala mwingine. Akinyamaza, maji yatawakuta wamekaa.

Tangu aibu ile alikuwa akitunza nakala ya faili la hali kila wiki. Akaiweka ile ya mwisho, iliyotunzwa kabla mashine haijaungua. Safari hii hakuruka kitu: aliilisha modeli mvua zote zilizonyesha tangu hapo, siku baada ya siku, akaitembeza hadi asubuhi ile. Mstari ukapanda taratibu, ukasimama. Kifuani mwa nguzo, pale pale. Ndipo akaiongezea mvua ya mchana. Mstari ukaruka kingo.

Mkuu alitazama, akailegeza tai yake. "Tangaza. Sahihi naweka mimi."

Redio ilitangaza, lakini mtabiri hakuiamini redio peke yake. Alikwenda mtaa wa mbao kwa miguu yake. Mjomba alikuwa amekaa juu ya shehena ya mbao, miguu inaning'inia.

"Haya, pandisheni suruali!"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo tuhamie mwezini?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akachota maji dimbwini kwa kopo na kuyamimina juu ya ubao uliokuwa umenyeshewa kutwa kucha. Yakateleza yote chini.

"Mbona hauyanywi, mjomba?"

"Umeshiba huo. Ubao uliolowa unywe nini tena?"

"Mlima mzima sasa hivi ni huo ubao. Mvua ya leo yote inateleza kuja kwako. Mwaka jana niliudhania umelowa, kumbe mkavu. Kosa lilikuwa langu. Leo nimeupima hadi asubuhi hii."

Mzee akapitisha kiganja juu ya ubao, akaukuna kwa ukucha. Kicheko kilikuwa kimekauka mtaani, wote wanamsubiri yeye. Akaruka chini.

"Mnanitazama nini? Bebeni!"

Mtaa mzima ukabeba. Mto ulipotapika jioni ile, ulikuta mabanda matupu; ukayazunguka ukitafuta cha kuchukua, ukaambulia kandambili moja. Juu ya kilima, kati ya mbao zake, mjomba alinguruma hadi ng'ambo wakasikia: "Mama Gharika ni mtoto wa dada yangu! Anayebisha aje hapa!" Na jina lile lile likaanza kupigiwa makofi.

Kesho yake, akipita darajani, alimkuta mkuu kasimama na nusu ya ofisi, suruali zimekunjwa, viatu vimejaa tope.

"Mnafanya nini huku?"

"Tunausoma mto, dada," alisema mkuu.

"Haya. Umeamkaje?"

Wakainamia ukingo wote kwa pamoja, wakasukumana kutafuta mstari.