Masikio ya Roba

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya nikiwa na miaka kumi na moja: nilimfuta panya. Nasema nilimfuta, si kwamba alifutika. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba stima ilipotea, nao wakanipa pole, nami nikazipokea hizo pole kama mtu aliyeonewa. Stima haikupotea. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka, na kidole kilikuwa changu.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya harufu. Kazi ya kutengeneza vyombo vya umeme nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu vingi kwanza, na juzi mtu aliniletea mashine ya gemu ya zamani, ile aina ya kijivu yenye kifuniko cha juu. Nilipoiwasha kusikiliza kama feni inazunguka, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua polepole juu ya chuma, harufu kama ya pasi iliyosahaulika juu ya gunia. Nilikaa chini. Mwenye mashine aliuliza kama imeniunguza.

Sisi tulihamia Isiolo kutoka Meru kaunti zilipoanza, Mama alipopata kazi ya ukarani katika ofisi mpya. Tulipanga nyumba ya mabati Chechelesi, na sebuleni, juu ya meza ndogo, palikuwa na mashine kama hiyo, iliyoachwa na kaka yangu alipoenda chuo. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio, viti na jagi la maji. Ilikuwa na gemu moja tu iliyokubali kuwaka. Maandishi yake yote yalikuwa ya lugha ya mbali, yamesimama kama vijumba vidogo, na hatukuweza kusoma hata herufi moja.

Nikisema sisi, namaanisha mimi na Guyo. Guyo alikaa upande wa pili wa ua, tulisoma darasa moja, na baba yake aliuza mifugo. Ng'ombe wenyewe walikuwa mbali, pamoja na ami zake, leo huku, kesho kule, kufuata nyasi. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye tabia ya kukitazama kitu muda mrefu kabla ya kusema. Mimi sikuwa hivyo. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchana kurasa. Nikikosea neno moja darasani, sikuweza kulikata na kuendelea. Nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, na kwa kuwa madaftari hushonwa katikati, ukurasa wa upande wa pili nao uling'oka. Ikifika katikati ya muhula, Mama alilishika daftari langu kwa vidole viwili na kusema, "Mwenda, hiki kitabu kimekonda kukushinda."

Gemu ilikuwa ya panya mdogo wa kijivu aliyetaka kupanda ghala la nafaka lenye orofa nyingi, kutoka chini kwenye makapi mpaka juu kabisa ambako kulikuwa na dirisha na mwezi. Njiani alikutana na jamaa zake. Kulikuwa na panya buku mnene aliyelala juu ya daraja na hakuondoka mpaka umletee punje saba. Kulikuwa na kindi mwenye majivuno aliyekurushia maganda ya njugu kisha akajitazama mkia. Kulikuwa na nungunungu aliyefyatua miiba kila ulipompa mgongo. Guyo alimkataa huyo tangu siku ya kwanza.

"Nungunungu hatembei mchana," alisema. "Na miba yake hairuki hivyo. Huyu mtu aliyetengeneza hii kitu hajawahi chunga."

"Ni gemu, Guyo."

"Hata kama. Angeuliza."

Siku hiyo ya kwanza mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Guyo akaniambia kwamba kwao mtu huchukua jina la wakati aliokuja nao duniani. Yeye alizaliwa mchana, ndiyo maana ni Guyo. Panya alikuja na mvua, basi ni Roba. Sikubisha. Mimi ningemwita jina la shujaa wa katuni, na leo nashukuru hakuniuliza.

Sasa sikiliza habari ya masikio, maana kila kitu kimo humo. Katika ghala alikuwamo paka. Paka akimshika panya, panya hakufa papo hapo. Roba alichomoka, lakini kipande cha sikio kilibaki kwenye kucha, na kuanzia hapo alitembea na sikio lililopungua. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa mwisho wake. Paka alichukua kipande popote alipotaka, kushoto au kulia, juu au chini. Katika wiki ya pili tukiwa orofa ya nne, Roba alipoteza ncha ya sikio la kushoto. Mimi nilirusha mto chini kwa hasira. Siku mbili baadaye, karibu na kindi, akatolewa pengo dogo chini ya sikio la kulia.

Nilikuwa tayari kuizima. Guyo alinishika mkono.

"Wee! Acha! Mwangalie!"

"Ameharibika."

"Ameharibika nini? Ncha kushoto, pengo kulia chini. Hiyo ni alama ya kwetu! Hiyo ni masikio ya ng'ombe wa baba!" Alicheka, akasimama, akakaa tena. "Roba ni wetu sasa. Hata akipotea, mtu akimwona anajua atamrudisha wapi."

Nilidhani anatania. Mtoto wa karani hajui kwamba sikio linaweza kusomwa. Niliona panya aliyechanika, na kila tulipocheza, macho yangu yalienda kwenye yale mapengo mawili kama ulimi unavyoenda kwenye jino bovu. Guyo naye alianza kucheza kwa uangalifu mkubwa, asije akachanwa mara ya tatu. Tulifika orofa ya tisa hivyo, tukipeana zamu, tukishikilia pumzi. Mashine iliweza kuhifadhi safari moja tu. Kila jioni tulimwacha Roba amelala ndani ya debe, na mkia wake nje.

Likizo ya Agosti Guyo alienda kwa ami zake upande wa Kipsing, ambako ng'ombe walikuwa wamepelekwa kwa ajili ya ukame. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe huko, mtamba mwekundu wa uzao wa ndama ambaye Guyo alipewa siku aliyozaliwa, kama desturi ya kwao. Alikuja kuniaga mlangoni, amebeba mfuko mmoja wa karatasi.

"Roba usimguse," alisema. "Ama mguse kidogo tu, asisahau kutembea. Nikirudi tunamaliza."

"Sawa."

"Sema kweli."

"Kweli, Guyo."

Nilivumilia siku sita. Siku ya saba niliketi mbele ya runinga na wazo ambalo nililiona zuri kupita yote niliyowahi kupata. Ningeanza upya. Ningepanda ghala lote peke yangu bila kuguswa hata mara moja, na Guyo akirudi angemkuta Roba dirishani chini ya mwezi, masikio mazima mawili, kama alivyokuwa siku ya mvua. Ingekuwa zawadi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na sehemu moja yangu iliamini. Sehemu nyingine ilikuwa tu inauchana ukurasa.

Kioo kiliniuliza swali kwa yale maandishi ya vijumba. Majibu yalikuwa mawili. Hatukujua kusoma, lakini tulijua kabisa kwamba jibu la kushoto hufuta, kwa sababu Guyo alikuwa amebandika kipande cha plasta pembeni ya runinga, upande ule, ili tusije tukakosea. Nilibonyeza la kushoto. Debe likapotea na mkia ukapotea. Kisha muziki wa mwanzo ukaanza, nikaanza kupanda.

Ilinichukua karibu likizo nzima. Kila paka aliponigusa nilianza tena. Vidole viliota sugu, na Mama alisema macho yangu yamekuwa mekundu kama ya mlinzi. Lakini nilifika. Roba alikaa dirishani, mwezi nyuma yake, masikio mawili ya duara bila kasoro. Nilihifadhi hapo, nikafunika mashine kwa kitambaa, nikangoja.

Guyo alirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Alikuwa amekonda na midomo imepasuka. Hakusema nagaa, salamu ya kwao, wala habari, aliketi tu kwenye mkeka na kusema, "Nionyeshe Roba."

Nilivua kitambaa kama mtu anayefungua jiwe la msingi. Picha ikatokea. Guyo alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Huyu ni nani?"

"Roba! Nimemtengeneza. Nimefika juu. Hajaguswa hata mara moja, Guyo, hata mara moja!"

"Yule yetu iko wapi?"

"Ndiye huyu. Nilianza upya. Angalia masikio."

Aliangalia masikio kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Wezi wakichukua ng'ombe wanakata sikio yote, ndio alama isionekane. Wewe umeshona."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa sababu ilisikika kama moja ya kauli zake kuhusu nungunungu. Alisimama, akapangusa magoti, akasema anaitwa nyumbani. Sikuwa nimesikia mtu akimwita.

Ni Mama aliyeniambia, wakati wa chakula, kile ambacho ofisini kila mtu alikuwa anajua tayari. Ng'ombe wa kina Guyo walichukuliwa karibu na Kipsing, wote, pamoja na yule mtamba mwekundu. Ami zake walifuata nyayo siku mbili. Walichokikuta kilikuwa kwenye majani kando ya kisima: vipande vya masikio. Guyo alikuwa pamoja nao.

Sikumaliza ugali. Nilielewa kiasi cha mtoto, yaani nilielewa kwamba nimefanya jambo baya na kwamba ni lazima nilirekebishe, na mimi kurekebisha nilijua njia moja tu. Nilifuta tena, huyu mwenye masikio mazima, nikaanza upya, nikimtafuta paka badala ya kumkimbia. Nilimsimamisha panya mbele yake na kungoja. Alichukua ncha ya kulia. Nikafuta. Akachukua ya kushoto, kisha kushoto tena. Nikafuta. Kila siku baada ya shule, mwezi na zaidi. Nilikuwa nimetumia likizo nzima kumkinga asiguswe, na sasa nililia kwa sababu haguswi panapotakiwa.

Siku moja ikatokea: ncha kushoto, pengo kulia chini. Nilihifadhi, nikamwita Guyo kupitia ua. Alikuja. Mama alimpa chai. Alimtazama panya, kisha akanitazama mimi.

"Sawa," alisema.

"Ndiye?"

"Amefanana."

Akanywa chai yake. Nilimpa rimoti ya kuchezea, akaishika kidogo kama unavyoshika kitu cha mgeni, akaniwekea mapajani. "Cheza wewe. Mimi naangalia." Na kuanzia siku hiyo aliangalia tu. Hakuninunia. Tuliendelea kwenda shule pamoja, alinicheka nilipoanguka kwenye mtaro, alinigawia mahamri. Lakini hakucheza tena, na jina la Roba sikulisikia kinywani mwake mpaka walipohamia Kiwanjani na baadaye yeye akaenda shule ya bweni, na njia zetu zikaachana. Pole sikumwambia. Nilingoja nipate maneno yaliyonyooka kabisa, na hayakuja.

Miaka mingi baadaye nilienda soko la mifugo kumrekebishia mtu kipaza sauti. Mzee mmoja alikuwa amemshika mbuzi. Hakumtazama meno wala miguu. Aliinua sikio, akalikunjua taratibu kwa kidole gumba, akasema jina la familia, kisha jina la mahali, kisha akauliza kama fulani bado yu hai. Yote hayo kwenye sikio. Nilisimama pale na nyaya mkononi. Ndipo nilipoona alichokuwa akikitafuta Guyo kwenye mkeka wetu siku ile aliporudi: mnyama mmoja, wa mwisho, ambaye bado aliandikwa kwao. Na nikaona kwa nini yule wa pili hakutosha. Roba wa kwanza alipata mapengo yake tukiwa wawili, mmoja akipiga kelele na mwingine akirusha mto. Yule mwingine nilimkata mwenyewe, peke yangu, kwa hofu.

Mashine ya juzi nimeitengeneza. Kabla ya kuigusa nilimuuliza mwenye mashine kama kuna kitu ndani anachokitaka kibaki, akashangaa, akasema kuna gemu ya mdogo wake. Nimeiacha ilivyo. Namba ya Guyo nimeipata kwa mtu wa Kiwanjani. Nitampigia leo, bila kuandika kwanza nitakachosema. Na daftari hili ninaloandikia lina maneno mengi yaliyokatwa kwa mstari mmoja, lakini kurasa zake zote bado zimo.