Sehemu ya Cucu Katika Handaki

Nina kibanda cha kupiga chapa na fotokopi pale Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi. Sikufika chuo kikuu. Fasihi nimejifunza kwenye karatasi ninazowachapia waliofika. Muhula uliopita zilikuja nyingi juu ya wanawake, kumbukumbu na majeraha ya vita katika riwaya za Kiafrika. Nilizisoma zote, nikizidharau. Kila karatasi ina mwanamke yule yule: analia, anawakilisha taifa, kisha ananyamaza ili mwanafunzi amfafanue kwa kurasa kumi na mbili. Hapiki. Hagombani na jirani hata siku moja.

Nikasema nitawaonyesha. Kikundi chao cha wasomaji kilinialika nisome hadithi yangu Jumamosi, nikaandika juu ya cucu, nyanya yangu wa Kanja. Alipokuwa bado mke mpya, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni, aliswagwa na wenzake kuchimba handaki la kuzunguka kijiji walichohamishiwa kwa nguvu. Sentensi ya kwanza niliiandika upya mara kumi na moja. Na kwa kuwa siwezi kulala bila kuhakikisha, siku mbili kabla nilienda Kanja kumsomea, nikimtafsiria kwa Kiembu.

Cucu alikuwa akichambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka pale mwanamke wangu anapoanguka ndani ya handaki, machozi yakilowesha udongo.

"Huyu mlegevu ni nani?"

"Ni wewe, cucu."

"Mimi?" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Udongo wa huku ulowe kwa machozi! Umewahi kushika jembe wewe, au siku hizi nalo linachapwa kwa mashine?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimemtengeneza mwanamke wao, tena wangu alilia kuwashinda wote.

Ndipo akaniambia. Kila mwanamke alipimiwa kipande chake kwa fimbo, kikawekwa vigingi. Asiyemaliza kabla ya jua kushuka alichapwa na homugadi, mtu wa huku huku aliyemtumikia mkoloni. Siku moja mwenzake wa kipande cha pili alienda kunyonyesha mtoto. Cucu aling'oa kigingi kilichowatenganisha, akakisogeza hatua tatu upande wake mwenyewe, kazi yake ikapungua na ya mwenzake ikaongezeka. Jioni mwenzake akachapwa. Cucu akaenda kupika.

"Mwenzako nani?"

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya ua wa miba ya kayaba. Nilimjua: jirani anayekaa naye benchi moja kanisani, bibi aliyenipa ndizi mbivu utoto wangu wote.

Sikuhisi huzuni. Nilihisi furaha, furaha chafu ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Tayari nilikuwa natunga sentensi.

"Niiandike hiyo, cucu?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Yeye hajui. Miaka yote hii hajui." Kisha akachukua mkongojo. "Ngoja. Asije akaisikia kwa watoto wa Nchiru."

Alizunguka ua polepole. Nilibaki na maharagwe nikiomba arudi na ruhusa. Kwamba arudi urafiki wao ukiwa bado mzima, nakiri, hilo sikuliombea.

Aliporudi hakunitazama.

"Amesema uandike. Lakini useme kwamba viboko havikumzuia. Kesho yake alimaliza kipande chake mimi nikiwa bado kwenye shimo la kufika kiunoni."

"Ni kweli?"

"Andika."

"Na Jumapili, kanisani?"

"Amesema nitafute pengine pa kukaa."

Jumamosi sikuwasomea kitu. Niliwaambia hadithi haijaiva, na mwenyekiti wao, kijana wa miwani, akanionea huruma ile ile anayomwonea mwanamke wa karatasi zake. Nikapanda gari la Embu mchana huo huo, nikarudi Kanja.

Kesho yake tulikaa nyuma kabisa, mimi na cucu, karibu na mlango unaopuliza baridi. Kule mbele jirani alikaa peke yake, mkoba wake ukiwa mahali pa cucu. Hakugeuka, hata wakati wa kusalimiana. Nikaanza kumnong'oneza cucu anisamehe.

"Nyamaza," cucu akasema, macho yake kwenye kile kisogo. "Yule hapendi kelele ibadani."