Redio ya Fundi Hoza

Mwaka lilipotangazwa Azimio la Arusha, baba yangu aliangukiwa na mti kwenye msitu wa Shume akafa. Nilikuwa na miaka tisa, darasa la pili. Shida zilianza hapo na shule ikaishia hapo.

Juzi redio ya huku kwetu ilipiga gitaa la umeme, lile la kukwaruza masikio. Mjukuu wangu akaniambia, bibi, hiyo inaitwa roki. Nikamwambia roki ilifika Lukozi mama yake hajazaliwa.

Aliileta Fundi Hoza kutoka karakana za Mombasa. Mitambo ya kurusha mawimbi hakuwa nayo. Alikuwa na santuri, betri ya lori na kipaza sauti kama tarumbeta, alichokifunga juu ya mkaratusi pale kilimani. Sisi tuliita redio. Kila alasiri alipiga sahani za wazungu wenye magitaa, kisha akatangaza: nani kafiwa, nani ana mbegu za viazi, mbuzi wa nani kala kabichi za nani. Bonde zima lilisikia, utake usitake.

Mzee Paulo, mzee wa kanisa, hakutaka. Alisema wasichana wa kwaya wameanza kutikisa mabega kwenye nyimbo za Kwaresima. Hilo lilikuwa kweli, hata mimi nilitikisa. Akaandika karatasi ya kuomba redio ifungwe, watu wakaweka dole gumba. Mama naye akaweka.

Haikupita wiki, ng'ombe wetu Neema akapotelea ukunguni. Alikuwa mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yalikuwa chumvi yetu, sabuni yetu na chakula chetu. Tulimtafuta siku mbili. Siku ya tatu mama alinishika mkono tukapanda kwa Fundi Hoza. Hata salamu ilimtoka kwa shida.

Fundi aliendelea kufuta sahani kwa kitambaa. "Mama Eliza, kwenye ile karatasi dole lako ni la ngapi?"

"La nne."

"Basi kaa. Sahani hii ikiisha utatangaza mwenyewe. Mimi ng'ombe wako hanijui."

Mama alikaa akasikiliza roki mpaka mwisho, mikono mapajani kama yuko ibadani. Kisha akashika maikrofoni akamwita Neema kwa Kishambaa, kwa sauti ile ile ya kumkamulia. Fundi akaweka sahani nyingine, na kabla haijaisha Neema akatokea kwenye matuta ya kabichi, akapanda mpaka chini ya mkaratusi, akasimama anatazama juu. Watu walicheka mwezi mzima kwamba ng'ombe wa mama Eliza anapenda roki.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Paulo alisoma majina. Kila mtu aliulizwa kama dole lake ni lile lile, ili karatasi ipelekwe wilayani Lushoto. Fundi Hoza alisimama nyuma, kofia mkononi. Zamu ya mama ilipofika, nilijua atakavyojibu. Alitazama chini.

"Dole langu liko palepale," alisema.

Fundi hakungoja karatasi ifike Lushoto. Kesho yake alifunga vyombo vyake akashuka. Mama alinituma nimpelekee kibuyu cha maziwa njiani. Aliyanywa yote, akanirudishia kibuyu, akasema niende nyumbani.

Nilimkasirikia mama miaka mingi, simfichi mtu. Nilikuwa na watoto wawili nilipoenda kuomba sehemu ya kulima na mwenye shamba akaniuliza kwanza mimi ni wa upande wake au wa mahasimu wake. Ndipo nikakumbuka kwamba nyumba tuliyolala baada ya baba kufa, na zizi la Neema, vilikuwa kwenye shamba la Mzee Paulo.

Leo nina ekari sita Lukozi, zina hati, na jina ni langu. Nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano. Nina ng'ombe wanne, mashine ya kusaga na pikipiki mbili za kupeleka mboga sokoni. Sikai kwa mtu.