Boksi la Mama Mapacha

Dada yangu anakaa Soweto, Mbeya, na tangu nijifungue hajaniita jina tena. Kwake mimi ni Mama Mapacha. Dawa za kifafa za mwanangu, yule pacha mdogo, zilipokosekana huku Iringa, alizitafuta kwao, akazifunga kwenye boksi na kuandika juu kwa herufi kubwa: MAMA MAPACHA, KIHESA. Namba yangu ya simu aliibanabana ubavuni kwa maandishi madogo. Akalituma kwa basi.

Asubuhi nilipofika ofisi ya mizigo, karani alinitazama kama tapeli.

"Mama Mapacha ameshachukua. Jana jioni."

"Mama Mapacha ni mimi!"

"Hata yule alisema hivyo. Huwa anapokea mchele wake hapa, kutoka Madibira. Anakaa hukohuko Kihesa, nyuma ya kanisa. Nimempigia, simu haipatikani."

Kidonge cha mwisho mtoto alikimeza usiku, na daktari alishanionya kwamba dawa ile haikatizwi. Akiikosa, anaanguka. Niliwahi kumwona akianguka hatua chache kutoka jiko la mkaa, na tangu siku ile sipiki kwa amani. Nilimwambia karani maneno ambayo mwanakwaya wa Kilutheri hatakiwi hata kuyajua, nikamkaza mtoto mgongoni, nikaenda polisi.

Afande alinisikiliza hadi mwisho.

"Kama alichukua kwa kukosea, si jinai. Lakini akishajua mzigo si wake na akakaa nao, huo ni wizi. Ofisi ya basi nayo unaweza kuidai, imetoa mzigo bila kuangalia kitambulisho. Sasa unasemaje, tumfuate?"

"Mkamateni!" Nilitamani kumwona akipandishwa difenda la polisi, majirani wote wakitazama.

"Sawa. Ila tukimkamata nalo, boksi linakuwa kielelezo cha kesi. Litakaa hapa."

"Na dawa?"

"Si ndiyo kielelezo chenyewe, mama? Unaweza kuiomba mahakama ikurudishie mapema. Lakini si leo."

Mtoto akajinyoosha ghafla mgongoni. Ilikuwa miayo tu, lakini moyo ulishanipasuka. Nikamsihi afande asiandike kesi kwanza.

Njia nzima ya kwenda nyuma ya kanisa nilikuwa nikiandaa matusi. Hasira hasara, wanasema. Basi siku ile nilikuwa tayari kupata hasara. Nikaelekezwa nyumba yake, na mlango ukafunguliwa na mwanamke wa rika langu. Alimwona mtoto, akaniona mimi, na salamu ya "Kamwene" ikamtoka kwa sauti ndogo sana. Sikuiitikia.

Boksi lilikuwa chini ya meza, limefunguliwa. Vidonge vyote vilikuwemo.

"Nilidhani shemeji anayenitumia mchele kawatumia mapacha wangu zawadi," alisema. "Kufungua, nakuta dawa. Nikaogopa, dada. Nikasema wataniita mwizi. Nikazima simu."

Aliogopa! Yeye amelala na hofu ya kuitwa jina baya, na mimi nimekesha nikisikiliza pumzi za mtoto. Nilimchukia kwa moyo wote, na sijui kama nimemaliza kumchukia hata leo. Matusi yangu yote yalikuwa tayari mdomoni.

Lakini saa ya dawa ilikuwa imepita. Nikakaa kwenye kochi lake, nikamshusha mtoto, nikatoa kidonge.

"Dada," nikamwambia, "naomba maji ya kunywa."