Unga wa Mwani kwenye Ulanzi wa Baba

Jamani, ni mimi! Ni mimi niliyeharibu ulanzi siku ya posa yangu mwenyewe, halafu nikamwacha mama mdogo abebe lawama. Naandika huku nacheka, nikimaliza kucheka naona aibu, halafu nacheka tena. Nivumilieni.

Nyumbani ni Iringa, njia ya kwenda Tosamaganga. Mama mdogo ndiye mke wa baba, kanilea tangu mama alipofariki nikiwa chekechea. Baba alipimwa akaambiwa mafuta yamezidi kwenye damu, ile kolestro. Daktari akampa vidonge na kumkataza kitimoto, ile nyama ya nguruwe. Kitimoto kapunguza kwa kununa, vidonge anasahau makusudi. Ulanzi wake wa jioni, pombe yetu ya mianzi, ndio hasahau!

Basi nikasoma mtandaoni kwamba unga unaotolewa kwenye mwani wa kahawia, ule unaoliwa, husaidia kushusha kolestro. Nikaagiza pakiti. Maelekezo yalisema kijiko kidogo kwenye maji mengi. Mimi na pupa zangu! Nikakoroga vijiko sita vikubwa kwenye dumu la ulanzi wa baba, nikijua harusi yangu itamkuta mzima kabisa. Daktari sikumwuliza. Baba mwenyewe sikumwambia.

Kumbe ule unga ukilala kwenye kinywaji unavuta kama mlenda!

Kesho yake wakafika wageni kutoka Uyole, watu wa mchumba wangu. Mimi nilikuwa chumbani nachungulia pazia, maana bi harusi mtarajiwa hatoki mpaka aitwe. Baba kwa furaha akasema, "Hawa hawajawahi kuonja ulanzi! Mama, lete ule wangu, umimine hapahapa waone."

Mama mdogo akainamisha dumu. Ulanzi ukagoma. Akatikisa. Wee! Ukashuka bonge kwa mpigo, ukajaza kikombe, na mkia wake ukabaki unaning'inia kwenye mdomo wa dumu.

Mshenga wao akauliza, "Baba, huu tunakunywa au tunamega?"

Watu wakacheka, isipokuwa shangazi wa mchumba wangu. Akasimama. "Limbwata hilo! Mnataka kumfunga mtoto wetu?"

"Haki ya Mungu sijaweka kitu," mama mdogo akasema.

Ndipo nikaitwa. Nikatoka na kanga usoni, mshenga akaniuliza kama najua chochote. Nikatikisa kichwa! Niliogopa wakijua ni mimi wataondoka na posa yao. Halafu, Mungu anisamehe, nikaona ule mkia bado unaning'inia. Kicheko kikanishika, mabega yakaanza kuruka.

"Mwoneni, mtoto analia!" shangazi akasema. "Huyu mama wa kambo anamfanyia nini humu ndani?"

Kicheko kikakatika palepale. Nikaivuta kanga, nikajificha zaidi.

Uamuzi wao ukawa huu: binti tunamtaka, lakini mama huyo asionekane harusini. Jioni ile nikamkuta anaosha vikombe. "Wewe olewa tu, mwanangu," akaniambia. "Mimi nitakuona kwenye picha."

Siku tatu nilishindwa kula. Ya nne nikawaambia baba na mama mdogo. Baba alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakasirika. "Yaani umenitibu bila kunishirikisha? Vidonge ningemeza, ungenibembeleza tu!" Sasa anameza kweli, na daktari kasema unga wowote aoneshwe kwanza.

Mama mdogo hakucheka. Aliniuliza swali moja. "Na wao umewaambia?"

Sijawaambia. Jumamosi wanarudi, na barua hii ni mazoezi, maana nimejaribu mbele ya kioo nikaishia kucheka. Nitawaambia kabla hawajagusa soda. Mchumba wangu nampenda, jamani nampenda mpaka najikwaa njiani! Lakini wakikataa, basi waende. Harusi ambayo mama yangu hayupo siitaki.

Nanyi mnaotibu watu kwa siri, acheni. Mwulizeni daktari, na mgonjwa mwambieni. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo, maana ukinyamaza kuna mtu analipia.

Nimemwomba mama mdogo Jumamosi avae gauni lake la Pasaka akae sebuleni. Amesema gauni atavaa, ila atasubiri jikoni mpaka anisikie nimesema.