Pua ya Karani wa Pareto

Kihesa, kule Iringa nilikokulia, mafua yalikuwa kitu cha siku tatu. Unapenga, unakunywa uji wa moto, yanakwisha. Kwa hiyo nilipoanza kupiga chafya kwenye banda la pareto kule Mbalizi, nilijiambia: siku tatu. Zikapita wiki tatu. Mvua zikaisha, baridi ikaingia, na mimi bado napenga. Hapo nikakubali kwamba haya si mafua, na uji haujui habari zake.

Kazi ile niliitaka, hilo nalisema kabisa. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, wakati wasichana wa Iringa waliofika huko walihesabika kwa vidole. Halafu nikaolewa Mbeya, nikazaa, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeniuliza swali lililohitaji shule kuliko "Chumvi ipo?" Wakulima wa pareto wa milimani walipoanzisha chama chao na kujenga banda la kununulia, walipata karani mwanamume, wakamfukuza. Mwenyekiti wao, mzee aliyewahi kufundisha shule ya misheni, akasema basi na ajaribiwe mwanamke. Alisema hivyo mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayepanda mbegu ya kupewa bure. Nikakikalia kile kiti, mtoto wa miezi saba nimemwacha kwa wifi yangu, na hasira ninayo ya kunitosha mwaka mzima.

Pareto shambani ni maua meupe, mazuri. Ukitazama kutoka mbali unadhani mlima umeanikwa nguo. Yakichumwa hukaushwa juu ya chanja, na yakifika bandani yamekuwa vichwa vidogo vya rangi ya kahawia ndani ya gunia. Kazi yangu ilikuwa kufungua gunia, kuingiza mkono mpaka chini, kuyatazama maua na kuyabonyeza, halafu kuandika: daraja la kwanza kama yamekauka sawasawa, la pili, lenye bei ndogo, kama yana unyevu. Kisha mzani. Lakini gunia la pareto kavu likifunguliwa hutoa vumbi jepesi, usiloliona mpaka jua lipite dirishani. Vumbi hilo ndilo lililonimaliza.

Sitaki kulipamba jambo hili. Chafya saba, nane, kumi mfululizo, mpaka maziwa yananitoka na kulowesha blauzi mbele za watu. Macho yanavimba kama nimepigwa. Kaakaa linawasha hata natamani kulikuna kwa kijiko. Kamasi inadondokea kitabu, wino unatapakaa, naandika upya. Jioni sikuweza kumgusa mwanangu kabla ya kuoga mwili mzima, maana siku niliyojisahau nikamnyonyesha na vumbi la banda kifuani, alitoka vipele mpaka masikioni. Basi yeye analia kwa njaa ndani, mimi niko uani najimwagia maji, mwezi wa sita. Anayeijua baridi ya Mbeya mwezi wa sita atanielewa.

Mganga msaidizi wa hospitali ya mjini aliniangalia puani kwa tochi, akasema, "Mwili wako haupatani na hayo maua. Acha kazi."

"Dawa je?"

"Dawa ndiyo hiyo."

Nilipoendelea kukaa pale alinipa vidonge vyeupe. Vilikausha pua kweli, na vikanilaza usingizi juu ya kitabu, kalamu mkononi, wakulima wananitazama. Nikaviacha. Nikapaka mafuta ya nyonyo ndani ya pua. Vumbi likaganda humo kama unga kwenye kinu. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, aliniuliza, "Kwani nani kakulazimisha?"

"Na wewe vumbi la barabara ya Iringa lilikutoa lini kwenye lori?"

"Mimi sipigi chafya mpaka watu wanakosa usingizi."

"Jikoni kuna nafasi."

Akaenda kweli kulala jikoni, akarudi kwa sababu ya baridi.

Sasa, wakulima. Siku moja nilifungua gunia la bwana mmoja, nikapiga chafya sita, na mtu mmoja nyuma kwenye foleni akasema kwa sauti, "Imekubali!" Watu wakacheka. Nikadhani ni utani tu; wenyeji walinitania kila siku, mara "mke wetu," mara "ninyi Wahehe hasira zenu hukaa puani." Lakini gunia lililofuata, chafya tena, na sauti tena: "Imekubali!" Safari hii hakucheka mtu. Yule mwenye gunia alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Walikuwa wametazama, wakalinganisha, wakapata jibu. Pareto kavu hutoa vumbi. Vumbi hunipigisha chafya. Halafu naandika la kwanza. Pareto yenye unyevu haina vumbi, pua inatulia, naandika la pili. Kwa hiyo kwao mwamuzi ilikuwa pua. Mkono wangu na darasa langu la kumi vilikuwa vinaandika tu kile pua ilichokwisha kusema. Tena watu wa milimani wengi Kiswahili chao kilikuwa cha shida, na lugha yao mimi siijui, lakini chafya haikuhitaji mkalimani.

Nikaona maajabu. Watu wanapiga gunia kwa fimbo kabla ya kulileta mezani ili vumbi liamke. Watu wanahesabu: "Langu chafya nne, la huyu tisa, mbona daraja ni moja?" Bwana mmoja alinyunyiza ugoro juu ya maua yake. Mimi sikuwa nanusa kitu tena miezi ile, lakini niliuona umebaki chini ya kucha zangu.

"Baba, hii nini?"

"Vumbi la nyumbani."

"Nyumbani kwenu vumbi linauzwa sokoni kwa kijiko?"

Banda zima lilicheka, na yeye akacheka, halafu akabaki amesimama akisubiri nipige chafya.

Hapo ndipo nilipopata dawa yangu, na dawa ikaniponza. Nilichukua nepi safi ya mwanangu, nikaikunja mara nne, nikailowesha maji, nikajifunga puani na mdomoni, fundo kisogoni. Kwa magunia matatu ya kwanza nilipiga chafya mbili tu. Macho yaliwasha bado, ila niliona mistari ya kitabu. Nilipopumua ndani ya kile kitambaa nilitaka kulia kwa raha.

Gunia la nne, foleni ikasimama.

Mbele alikuwa bibi mmoja mfupi, mjane, ambaye siku zote za kununua alifika mapema na kusemea wanawake wa kijiji chake. Aliweka gunia chini, hakulifungua.

"Toa kitambaa," akasema.

"Bibi, naumwa. Hiki kinanisaidia."

"Tunajua unaumwa. Toa."

Nyuma yake sauti zikapanda. Mmoja akasema nimefunga pua ili nisiseme kweli. Mwingine akasema nimepewa kitu. Magunia matatu, manne yakaanza kurudi vichwani. Mwenyekiti akatoka mbio kwenye chumba chake, akaninong'oneza, "Binti, kitoe leo tu. Hawa wakipanda mlima na maua yao hawashuki tena."

"Na kesho?"

"Kesho tutaona."

"Mzee, kesho utaniambia leo tu."

Akavua kofia, akaivaa. "Basi nisikilize vizuri. Kama huwezi kukaa hapa bila kitambaa, nitatafuta anayeweza. Sina njia nyingine."

Nilikwisha kuzoea kuambiwa niondoke kwa sababu pua yangu ni mbovu. Safari hii naambiwa niondoke kwa sababu nimeipa nafuu. Niliwatazama wale watu wote, na jambo lililonichoma ni kwamba hawakunichukia hata kidogo. Walinipenda nikiwa nachuruzika. Nikamgeukia yule bibi, nikamuuliza kwa ukali nisiopaswa kumwonyesha mtu wa umri wake:

"Mimi nimesoma, naijua kazi, nimewaandikia miezi mitano. Mbona hamniamini mimi mnaamini kamasi?"

Hakukasirika. Alijibu polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili.

"Yule wa kwanza na yeye amesoma. Kalamu kama yako, meza hiyo hiyo. Alituandika la pili sisi wote, tukalipwa bei ya la pili, maua yakiondoka hapa yanauzwa kama la kwanza. Mkono unaweza kupewa kitu, mwanangu. Mdomo unaweza. Pua utaipa nini?"

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi kuliko jambo lolote nililofundishwa shuleni. Nilikuwa nimeidhani shule ni sifa yangu mbele yao, kumbe ndiyo iliyowatia shaka. Kila nilivyoandika haraka, kwa mwandiko mzuri, nilizidi kufanana na yule mwizi. Kitu pekee kwangu ambacho hawakuweza kukishuku ni kile nisichoweza kukizuia. Walikuwa na haki, na bado mimi ndiye niliyekuwa nalipa kwa macho yangu. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na sikuona kwa nini niyamalize mimi peke yangu.

Nikasimama. Sikufungua kitambaa. Nikatandika mkeka katikati ya banda, nikachota maua kwenye gunia la bwana wa pili kwenye foleni, ya juu na ya chini, nikayamwaga pale.

"Njooni," nikasema. "Bibi, chukua ua. Libonyeze hapa, kwa kidole gumba. Likisagika limekauka. Likibonyea likabaki zima, bado. Pua yangu haikujua zaidi ya hapo. Semeni ninyi, mimi nitaandika mnachosema, na asiyekubali abonyeze mwenyewe."

Mwenyekiti akanong'ona, "Tutakesha hapa."

"Tukeshe," nikamwambia, na yule mzee, nampa haki yake, akapiga magoti akachukua ua.

Ilianza vibaya. Wanaume wawili waligombana juu ya ua moja mpaka likawa unga. Kijana mmoja alisema afadhali chafya, ilikuwa haraka. Lakini vidole vya watu waliolima, wakachuma na kuanika maua yale vilijua kuliko vyangu. Walikuwa hawajaulizwa tu. Wanawake ndio waliokuwa wakali zaidi. Waliingiza mkono gunia la jirani mpaka begani, wakatoa maua ya chini kabisa, wakayabonyeza mbele ya uso wake. "Hili ulianika usiku?" Mwenye gunia anainama, watu wanacheka, mimi naandika. Niliandika la pili nyingi siku ile kuliko siku yoyote ya chafya, na hakuna aliyenyanyua gunia kuondoka.

Yule bibi alikuwa amesogeza gunia lake pembeni, akawaacha wengine wapite. Jua lilikuwa limeshuka, kifua changu kimejaa maziwa mpaka kinauma, nikijua mwanangu analia kwa wifi. Nilimwambia, "Bibi, umebaki wewe."

Akalifungua mwenyewe. Juu maua yalikuwa makavu kabisa. Hata kupitia nepi pua yangu iliyasikia, nikapiga chafya. Kijana mmoja akasema kwa mazoea, "Imekubali!" Watu wakamgeukia bibi.

Alinitazama, akaingiza mkono mpaka chini. Alitoa maua machache, akayaweka kiganjani, akabonyeza moja. Likabonyea. Akabonyeza jingine, nalo likabonyea. Akatafuna mdomo mtupu kidogo, na nilijua, kama kila mtu mle ndani alivyojua, kwamba angenyamaza chafya yangu ingetosha.

"Ukungu wa juzi huko mlimani," akasema. "Andika la pili."

Nikaandika.

"Nionyeshe."

Nikazungusha kitabu, nikamwekea kidole kwenye mstari wake. Hakujua kusoma. Akainama akautazama ule mstari kwa muda mrefu, kisha akatazama wa juu yake, na wa juu yake tena, kama anayelinganisha alama ya daraja lake na za wengine.

"Sawa," akasema, akabeba gunia mwenyewe mpaka kwenye mzani.