Siku Kikula Tulipopewa Sufuri

Siku hiyo siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomwona baba yangu, mwalimu mzima wa shule ya msingi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, akipewa sufuri mbele ya ukumbi uliojaa. Na aliyempa sufuri hiyo ni kijana aliyekuwa akitaka kunioa.

Kijana huyo aliitwa Célestin. Alikuwa anasoma mambo ya kompyuta, na hapa Likasi, Kongo, wakati ule mtu wa kompyuta aliheshimiwa kama mganga: watu walimletea mpaka redio zilizoharibika. Baba hakumkataa, lakini hakumkubali pia. Akisikia jina lake alikuwa anasafisha koo tu. Sisi wa nyumbani tulijua kusafisha koo kwa Baba kuna maana nyingi, na hakuna hata moja iliyo nzuri.

Baba alikuwa pia kiongozi wa kwaya yetu ya parokia ya Kikula. Mimi niliimba sauti ya pili, nyuma ya Mama Véro, ambaye sauti yake ilikuwa inaamsha watoto waliolala nyumba ya tatu. Mwaka huo parokia ziliandaa mashindano ya kwaya tatu: sisi wa Kikula, vijana wa Panda, na kwaya ya wanaume wa Kakontwe, wavunja mawe wenye vifua kama milango. Célestin akaona mlango umefunguka. Akajitolea kuandika programu ya kujumlisha alama za majaji na kuonyesha matokeo ukutani kwa projekta, kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumewahi kukiona. Aliniambia, "Papa yako akiona ile, atanipenda." Mwanangu, mpanda ngazi hushuka, lakini kijana mwenye mapenzi huwa haangalii ngazi imeegemea wapi.

Sasa nikueleze kidogo, kwa sababu najua si kila mtu aliyewahi kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya C. Lugha hiyo haibahatishi. Ukitaka ikuandikie namba, lazima uiambie ni namba ya aina gani. Namba nzima, unaweka alama ya asilimia na herufi d. Namba yenye desimali, unaweka alama ileile na herufi f. Ukiwa na desimali halafu ukaandika d, kompyuta haitagoma. Itachukua vipande vya namba yako, itavisoma kama namba nzima, na itakutolea kioja. Ni sawa na kumpa mtu barua ya Kifaransa ukamwamuru aisome kama Kibemba. Atasoma, tena kwa sauti ya kujiamini, ila hakuna atakayejua nani amekufa na nani ameoa.

Célestin alianza vizuri. Mwanzoni majaji walitaka jumla ya alama, namba nzima, naye akaandika d, na kila kitu kikaenda sawa. Lakini asubuhi ya mashindano, Masista waliokuwa majaji wakabadili nia, wakataka wastani wenye desimali. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Uliporudi, Célestin alikimbilia kompyuta kama mtu aliyesikia maji yamerudi bombani. Kule juu ya programu akabadilisha aina ya namba, ikawa ya desimali. Kule chini, mahali pa kuonyesha matokeo, akaacha d yake imekaa palepale.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika shati lake la sherehe. Alipoiamuru kompyuta itayarishe programu, mistari fulani ikajitokeza kwenye kioo.

"Njo nini ile?" nikamuuliza. Kwetu "njo" ni "ndiyo".

"Onyo tu. Haiko kosa. Ona, inatembea."

"Lakini inakuonya nini?"

"Odette, onyo na kosa ni vitu mbili. Kosa inasimamisha kazi. Onyo ni kelele tu. Leta shati."

Nikampa shati. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini sisi wawili tulikuwa tunaangalia pasi ya shati.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kwaya ziliimba vizuri, kila moja kwa namna yake. Kakontwe waliimba kwa nguvu hadi vumbi likatoka darini. Mama Véro alifika mahali pa juu kabisa pa wimbo na kukaa huko kama mtu aliyejenga. Kisha Papa Fidèle, mshereheshaji wetu, akashika kipaza sauti. Papa Fidèle alikuwa mtu asiyejua kunyamaza. Ukimpa karatasi tupu angeisoma.

"Bamama na bapapa! Leo hakuna karatasi! Leo masini njo itasema, na masini haina ndugu!"

Watu wakapiga makofi. Célestin akabonyeza. Ukutani, kwa herufi kubwa, pakatokea jina la Kakontwe, na mbele yake: -1073741824.

Papa Fidèle akaanza bila kuogopa. "Kakontwe! Mumepata... toa... miliare moja..." Sauti ikapungua, maana miliare ni bilioni. "... na mamilioni sabini na tatu... na kitu."

Kisha akasimama Papa Mulonda, mwimbaji wa besi wa Kakontwe, mtu ambaye akikaa kwenye benchi wengine huinuka kidogo. Akauliza taratibu, bila hasira, kama mgonjwa anayemuuliza daktari:

"Tuliimba mubaya, sawa. Lakini mubaya wa miliare?"

Kabla hajajibiwa, likatokea jina letu. Kikula: 0.

"Zero?" Mama Véro akapiga ukelele uliokuwa mzuri kuliko wimbo wake. "Zero! Hata kuingia tuliingia bure? Hata kusalimia?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa amesimama mbele yetu ameshika kijiti chake cha kuongozea, akiangalia ukutani. Mtu aliyekuwa ametoa sufuri nyingi maishani mwake hakuwahi kufikiri kwamba moja ingerudi nyumbani. Akasafisha koo.

Kisha wakaja Panda: 1073741824.

Aibu yetu sote ilikwisha hapo hapo, maana vijana wa Panda hawakujiuliza chochote. Ngoma zikalia. Wakambeba kiongozi wao mabegani, wakaanza kuzunguka ukumbi, na mmoja wao alikuwa analia machozi ya kweli akisema mama yake angekuwa hai aone. Mwanangu, mtu akipewa sifa asizozistahili huwa hatafuti aliyezikosea.

Baba akawa wa kwanza kusema jambo la akili. Alinyoosha kijiti ukutani. "Angalieni muzuri. Namba ya Kakontwe na ya Panda iko moja tu. Moja ya kutoa, moja ya kuongeza. Mukiziweka pamoja zinakuwa zero. Basi sisi bote tuko zero." Hakuna aliyemsikiliza. Papa Mulonda tu ndiye aliyeitikia kwa kichwa, akaonekana kufarijika kidogo.

Sasa sikiliza mahali penyewe. Papa Fidèle, ambaye alikuwa mtu mwema licha ya kelele zake, alimwona Célestin amekaa mbele ya kompyuta, uso umekauka kama samaki wa sokoni. Akamwonea huruma. Akasema kwenye kipaza sauti, "Bandugu, tulieni! Ni virusi! Virusi imeingia mu masini!"

Ukumbi mzima ukapumua. Virusi! Kila mtu alikuwa amesikia habari za virusi, hakuna aliyewahi kuona kimoja. Watu wakaanza kuelezana. Mama mmoja akavuta mtoto wake mbali na nyaya. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mwanangu. Célestin alikuwa na kazi ya kuitikia kwa kichwa tu, aitwe shujaa aliyepambana na virusi, na mimi ningeolewa bila mashaka. Moyoni nilikuwa namsukuma: kubali, kubali, kubali.

Alisimama. Akaomba kipaza sauti, na Papa Fidèle akampa kwa shida.

"Haiko virusi," akasema. "Masini haina kosa. Nilibadilisha namba, nikaiwekea desimali, halafu nikasahau kuiambia masini. Njo miye nilikosa. Muniachie kidogo nitengeneze, mbele yenu hapa."

Akafungua programu ile ukutani, watu wote wakiangalia kama wanaotazama upasuaji. Akafuta d, akaandika f. Akahifadhi, akaitayarisha upya, na safari hii akasubiri aone kama kuna onyo. Hakukuwa na hata moja. Akabonyeza.

Kakontwe: 16.299999. Kikula: 17.500000. Panda: 17.200001.

Kama ulifikiri mambo yaliishia hapo, huwajui watu wa Likasi. Papa Fidèle, ambaye alizoea kuona nukta ikitenganisha maelfu, akapaza sauti, "Kikula, milioni kumi na saba na nusu!" Mama Véro akaanguka mikononi mwetu kwa furaha. Sista mkuu wa majaji ikabidi apande jukwaani, asome alama za kila kwaya kwenye karatasi yake na kueleza kwamba zetu ni kumi na saba na nusu tu juu ya ishirini, jambo lililompunguzia Mama Véro furaha, lakini si nyingi.

Ndipo Papa Mulonda akasimama tena. "Ma Sœur, mulisema sisi tuko na kumi na sita na sehemu tatu?"

"Ndiyo, Papa."

"Na Panda kumi na saba na sehemu mbili?"

"Ndiyo."

"Sasa pale ukutani, kwetu kanakosekana kadogo, na kwa Panda kameongezeka kadogo." Akamgeukia Célestin. "Nani alibeba kadogo ketu akapeleka kwa Panda?"

Célestin akajaribu kueleza kwamba kompyuta haiwezi kuhifadhi kila desimali kikamilifu, ila nilipoona anaanza kuchora hewani kwa mikono nilijua hakuna atakayemwelewa. Mwishowe Panda, kwa ukarimu mkubwa wa watu walioshindwa baada ya kudhani wameshinda, wakasema wanarudisha kale kadogo. Wakashikana mikono na Kakontwe, na ngoma zikalia kwa mara nyingine.

Juma lililofuata Baba alimwita Célestin nyumbani. Mama alipika bukari, yaani ugali, na samaki, nami nikajificha nyuma ya pazia, kwa sababu hakuna aliyenikataza waziwazi. Baba akala mpaka akamaliza. Akanawa. Akasafisha koo.

"Ile masini haikukuambia kama kuko mubaya?"

Célestin akainamisha kichwa. "Iliniambia, Papa. Ilitoa onyo."

"Kwa luga gani?"

"Kiingereza, Papa."

"Na weye unajua Kiingereza?"

"Najua."

"Kumbe!" Baba akasogeza sahani pembeni. "Sikiliza, mwana yangu. Kama mutu anakuambia nyumba inaungua na unaelewa luga yake, unafanya nini? Unamwambia ni kelele? Kesho ukiwa na bibi, akikuambia chumvi imepita, utangoja bageni bateme chakula kwanza? Mutu anayekuonya bado anakupenda. Siku atakayokuachia ukosee, njo siku umemupoteza."

Baba akaendelea, kwa sauti ya chini kidogo.

"Lakini pale mu salle ya mashindano, Fidèle alikufungulia mulango ya bongo, ya kudanganya bantu, na hukuingia. Ile niliona. Utaenda Kakontwe uombe musamaha kwa Mulonda na bantu yake. Ukirudi, ambia bazazi bako bakuye hapa tuongee."

Alikwenda. Kakontwe walimkalisha chini, wakamfanya aimbe besi mpaka sauti ikamkauka, kisha wakamsamehe na kumbatiza jina, "Toa-Miliare". Waliimba kwenye harusi yetu, mwanangu, na vumbi likatoka kwenye dari la kanisa pia. Mpaka leo akipita Kakontwe wazee humwita jina hilo, naye huinua mkono. Mimi nilianza kujifunza C baada ya harusi, kwa udadisi tu, na sasa nywele zangu zimeingia mvi nikifundisha vijana wa mji huu.

Basi nakuusia haya. Kila kitu kiite kwa jina lake na kwa aina yake, katika programu na nje ya programu. Desimali usiiite namba nzima, na uvivu usiuite haraka. Ukibadilisha jambo kule juu, shuka hadi chini ukaangalie nani mwingine alikuwa anategemea lilivyokuwa zamani. Onyo lisome lote, hata kama kazi inatembea, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ukishakosea, na utakosea, usitafute virusi. Sema "ni mimi" mapema, kabla uongo haujapata ndugu. Watu watakucheka, ndiyo. Waache wacheke. Aliyechekwa akiwa amesimama kwenye kweli hulala usingizi mzuri.

Mungu akupe masikio ya kusikia onyo la kwanza, na wazee wa kukuambia la pili. Kazi ya mikono yako ikatoe matokeo yaliyo sawa, na nyumba yako isikose mtu wa kukuambia chumvi imezidi. Nenda kwa amani, mwanangu.